Mafuta ya Tumboni

Riruta, Nairobi
12 Februari 1972

Kwa ndugu yangu mpendwa Isaiah,

Pokea salamu zangu nyingi, nyingi kuliko magunia yanayongoja behewa pale stesheni ya Kitale wakati wa mavuno. Natumaini wewe, mke wako na watoto mko wazima, na kwamba lile goti lako linalokusumbua wakati wa baridi sasa limekuwa na adabu. Mama naye yu hali gani? Nasikia bado anakataa kulalia godoro ulilomnunulia, ati linamla mgongo, na kwamba amelipa heshima ya kulaliwa na kuku wanaoatamia. Mwambie mimi nimecheka, lakini nimemkumbuka vilevile.

Ukitaka kujua hali zetu, hapa Riruta tu wazima kwa neema ya Mungu. Phoebe ana meno manne, mawili juu na mawili chini, na kila kitu anakijaribu kwa meno hayo, hata spana za baba yake. Anasimama akishika stuli. Akikosa kitu anakunja uso kama wewe kabisa, mpaka mimi humwambia, we mtoto, nani alikufundisha sura ya mjomba wako na hujamwona? Ndiyo, ndugu yangu, hujamwona tangu azaliwe. Hilo ndilo linalonifanya nichukue kalamu.

Najua ukishaitoa barua hii kwenye bahasha utatazama mwandiko kwanza. Ni ule ule. Nakuomba usiichane kabla hujafika mwisho. Nimeianza mara tatu. Ya kwanza niliwashia jiko, ya pili ikaliwa na Phoebe kona moja, na hii ya tatu nimeapa lazima iishe.

Neno lililotutenga ni injini, kwa hiyo acha nianzie hapo, hata kama mengine unayajua.

Unakumbuka siku uliyoileta, Januari ya mwaka jana. Ulishuka kwenye gari la moshi na ile injini ndogo ya dizeli imefungwa kwa magunia na kamba ya katani, makuli wa stesheni wakikuuliza kama umeiba mtambo wa reli unawarudishia wenyewe. Ulituambia kwamba mzungu wako alipouza shamba na kufunga mizigo kwenda kwao, alitaka kukupa saa ya mkono, wewe ukamwomba hiyo injini iliyokuwa ikivuta maji mtoni. Ulisema saa haiwezi kumsaidia dada yako, lakini shemeji ni fundi, akipata moyo wa chuma mwili atautengeneza mwenyewe. Tena ulimwambia shemeji yako kwamba umeitunza kwa mikono yako miaka tisa na haijalala na kiu hata siku moja. Mimi nilikuwa namimina chai. Nilidhani unasema kiu ya maji, mzaha wa watu wa mashamba.

Basi shemeji yako akaanza kuutengeneza huo mwili. Kila jioni akitoka gereji ya Mhindi kule Ngara alirudi na kitu mfukoni au begani. Unajua mshahara wa fundi, jenereta ya dukani sisi ni ya kutazama kwenye kioo tu. Kwa hiyo yetu, kila kipande kilikuwa kitu kingine kabla. Fremu ilikuwa kitanda cha chuma kilichotupwa, akakikata na kukichomelea upya. Mkanda ulitoka kwenye kinu cha posho. Tangi la dizeli lilikuwa mkebe mkubwa wa mafuta ya kupikia. Kichwa cha kutoa stima alikipata kwenye vyuma vikuukuu, kimeungua ndani, akakitoa utumbo wote, na tukazungusha waya mpya wa shaba sisi wenyewe, yeye akivuta, mimi nikihesabu raundi kwa sauti na tumbo langu la Phoebe limenifika kifuani. Nikikosea hesabu tulianza upya. Mara moja nilipiga chafya kwenye mia mbili na kumi, akanitazama kama mtu aliyeibiwa ng'ombe, halafu tukacheka wote wawili.

Ili iweze kusukumwa alitaka magurudumu. Yule memsahibu ninayemfulia nguo karibu na Adams Arcade alikuwa amenipa kigari cha mtoto, kizuri, cha bluu, ati nimsukumie mwanangu. Nilikisukuma siku moja tu. Siku ya pili nilirudi nikakuta kigari kimelala chali bila miguu, na injini imesimama juu ya magurudumu yake, yamepinda kidogo nje kama miguu ya fahali mzee. Jirani zangu walinicheka sana. Walisema huku Riruta kuna mama anayebeba mtoto mgongoni na kusukuma chuma kwenye kigari. Lakini sikukasirika, kwa sababu na mimi nilikuwa nimeshaipenda. Nilijua spana namba kumi na nne na namba kumi na saba bila kusoma. Nilijua kuzungusha hendeli mpaka ikohoe. Ephantus Waweru, rafiki yake wa gereji, alikuja siku moja kutazama, na Baba Phoebe akamwambia mbele yangu kwamba mke wake anaijua mashine hii kuliko yeye Ephantus. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikajifanya naanika nepi ili nicheke peke yangu. Mimi, wa darasa la tano.

Mwezi wa sita ikatoa stima. Balbu ilianza nyekundu kama kaa, halafu manjano, halafu nyeupe, na watu wa ploti nzima wakaja mlangoni kwetu kuitazama kana kwamba tumefuga mwezi. Mzee Kinyanjui, mwenye nyumba wetu, alizunguka jenereta mara mbili mikono nyuma, akasema binti yake ataolewa mwezi wa nane, na arusi hiyo itakuwa na vipaza sauti na taa kwenye hema, na mtu wa kuileta stima ni Lazarus. Kwa Baba Phoebe hiyo ilikuwa zaidi ya kazi. Kule Ngara yeye ni boi wa Mhindi. Hapa angekuwa Lazarus wa stima.

Siku ya arusi ilikuwa Jumamosi. Gereji hufungwa saa saba mchana, kwa hiyo alitoka asubuhi akarudi moja kwa moja hadi kwa Mzee Kinyanjui, na Ephantus ndiye aliyekuja kwangu na vijana kuisukuma mashine. Baba Phoebe alifika amechelewa, suti amevaa njiani, tai mfukoni, watu wameshaketi, wazee wanapiga fimbo chini. Alinijia haraka akaniuliza kama nimetia mafuta. Nikamwambia nimetia, mpaka juu. Hakupima. Alishika hendeli, ikawaka mara moja, akanikonyeza.

Kwaya iliimba ikasikika mpaka barabara ya Naivasha. Padri akaongea. Halafu Mzee Kinyanjui akashika kipaza sauti mwenyewe, akaanza kuwashukuru wakwe, na akiwa katikati ya jina la mkwe wake mkubwa, nyuma ya migomba kukatoka sauti kama nguruwe anayekamatwa, moshi, halafu kimya. Mzee alibaki anafungua mdomo bila sauti kutoka. Baba Phoebe alikimbia akashika chuma kwa mkono mtupu, ngozi ya kiganja ikabaki pale. Ilikuwa imeshikana, hendeli haiendi mbele wala nyuma.

Watu wakishiba hawana huruma, ndugu yangu. Mmoja akasema jamani, mwacheni, yeye si ndiye Lazarus, ngojeni siku nne itafufuka. Mwingine akamwambia aisimamie kwa nje aiite itoke kaburini. Bibi mmoja akaziba pua akasema imeshaanza kunuka. Hema zima likacheka, hata bwana arusi. Baba Phoebe alicheka pamoja nao, mkono wake umefungwa kwa leso yangu. Mimi ninajua kicheko chake, na kile hakikuwa chake.

Siku chache baadaye yeye na Ephantus waliifungua. Beringi zilikuwa zimeyeyuka kama nta, na pistoni imekwama mahali pake kama jino. Lakini mafuta ya tumboni, yale tunayoyaita oili, yanayolainisha vyuma, yalikuwepo, tena safi, mpaka kwenye alama. Ephantus aliyachovya, akayasugua kati ya vidole muda mrefu. Alisema mafuta haya ni ya ajabu, yanaonekana kama hayajafanya kazi. Baba Phoebe akamwambia sasa umejionea, mafuta yalikuwepo, kwa hiyo ubovu ulikuwa ndani ya chuma tangu zamani. Akasema shemeji yake alijua. Alijua inakufa ndiyo maana mzungu aliitoa bure, naye akaipakia kwenye treni akaiita zawadi.

Mkono wake wa kulia ulikuwa bado una bandeji. Akaniambia nichukue kalamu.

Ndiyo barua uliyoipata mwezi wa tisa. Maneno yalikuwa yake. Kwamba ulimpa maiti ukaiita injini. Kwamba ulimvika aibu mbele ya watu wa Riruta kwa makusudi kwa sababu hukupenda niolewe naye. Kwamba usikanyage mlango wake, na mtoto wetu atatafutiwa baba mwingine wa ubatizo. Lakini herufi zilikuwa zangu, zile ulizonifundisha wewe kwa mkaa kwenye ukuta wa ghala, mpaka Mama akatuchapa sote wawili. Niliziandika vizuri, moja moja, na nukta nikaweka.

Hukujibu. Ila Caren wa mama mdogo aliporudi kutoka nyumbani baada ya Krismasi aliniambia kwamba hukumlaumu Lazarus hata kidogo, uliuliza swali moja tu. Uliuliza kama kuna mtu aliyenishika mkono nilipokuwa ninaandika.

Nilimwambia Caren chai inamwagika.

Nilidhani nitaweza kukaa hivyo. Injini ipo nje ukutani, imefunikwa gunia, mimi huweka beseni za nguo juu yake. Lakini Jumapili iliyopita tulipata wageni kutoka kanisani, na Baba Phoebe, ambaye sasa uchungu umempungua, akawasimulia habari ya injini kama kichekesho. Aliigiza Mzee Kinyanjui na mdomo wazi. Akaigiza na wewe, jinsi ulivyoifunua magunia stesheni kwa heshima, kama mtu anayefunua maiti ya mfalme. Wageni walicheka mpaka machozi. Na mimi, Isaiah, nilicheka. Nilikuwa nimempakata Phoebe, naye aliponiona nacheka akacheka, na yale meno yake manne. Hapo ndipo nilipoona kwamba ninamfundisha mtoto kukucheka.

Sasa nisikilize.

Hakuna aliyenishika mkono. Na injini yako haikuwa na ubovu. Ni mimi niliyeiua.

Ijumaa ile kabla ya arusi nilikuwa kwa memsahibu mpaka jioni. Baba Phoebe alirudi kabla yangu, akamwaga oili yote chafu iliyokuwa tumboni mwa injini, apate kutia mpya, ile iliyokuwa kwenye galani chini ya kitanda. Giza likamkuta, akaiacha. Asubuhi, amesimama na kikombe cha chai mkononi, akaniambia nisisahau kuitia mafuta kabla Ephantus hajaja. Mafuta! Wewe unajua nyumba yetu. Kuna mafuta ya kupikia, mafuta ya taa, mafuta ya kumpaka mtoto, na dizeli ni mafuta. Nilikwenda kwenye mkebe, nikaona dizeli imepungua, nikajaza mpaka juu. Nikafuta kwa kitambaa, nikafurahi. Na aliponiuliza nikajibu kwa moyo mweupe kabisa. Tumbo lilikuwa kavu. Ilikunywa, lakini ilikuwa na kiu, ile kiu uliyoisema wewe wakati ninamimina chai.

Kama ingekuwa hilo tu, ningelisema. Kosa la neno moja, mtu yeyote angenisamehe. Lakini si hilo tu.

Jumapili asubuhi Baba Phoebe alikataa kwenda kanisani, akalala ameelekea ukutani. Niliinama chini ya kitanda kuvuta boksi la nguo za mtoto, nikaona galani. Kifuniko hakijaguswa. Nilikaa pale kwenye sakafu nikaelewa kila kitu, maana nilikuwa naijua mashine ile, ndiyo sifa niliyopewa. Baadaye akaamka kwenda kumwomba Mzee Kinyanjui msamaha. Alipotoka tu, nilichukua galani nikatoka nje nikaimimina ile oili tumboni mwa injini, polepole, mpaka kijiti cha kupimia kikaonyesha alama. Iliyomwagika niliifuta kwa nepi ya Phoebe, na nepi nikaichoma jikoni. Alipoifungua akakuta mafuta safi. Ephantus hakukosea, hayakuwa yamefanya kazi hata dakika moja. Nilikuwa nimesimama mlangoni nikisikia, na nilinyamaza.

Usifikiri niliogopa kipigo. Shemeji yako hajawahi kuniinulia mkono. Niliogopa asirudie tena kusema yale maneno, kwamba mke wangu anaijua mashine hii. Kwa sababu ya maneno hayo machache nilikutoa kafara wewe, uliyeacha saa ya mkono kwa ajili yangu. Nikiandika hivi nasikia uso unachomeka kama niko mbele ya jiko.

Na hapa naongea na wewe, Baba Phoebe, kwa maana najua unasoma. Ulikubali neno langu bila kupima kwa kijiti, mbele ya watu wote wale. Hilo ndilo linalonikosesha kula. Mkono wako uliungua kwa ajili yangu, nami nikautumia ule mkono mgonjwa kumtukana ndugu yangu. Ephantus amekwambia mara mbili kwamba injini inaweza kupona, inataka beringi na pistoni tu, ukakataa kwa sababu hutaki kutia kitu kizuri kwenye chuma cha mwongo. Chuma hakikudanganya. Kama utataka kuzungusha waya tena nitahesabu, na kama utataka mtu mwingine ahesabu, nitaelewa.

Ndugu yangu Isaiah, siombi uje. Nasema tu kwamba ubatizo wa Phoebe ni Pasaka, kanisa letu hapa hapa Riruta, na pale penye jina la baba wa ubatizo mwalimu wa kanisa ameacha nafasi, kwa sababu kila akiniuliza mimi humwambia bado kidogo.

Nisalimie mke wako na watoto, na kuku wa godoro. Mama usimsomee barua hii, mwambie tu Naliaka amekiri kosa lake na anaomba asimwombee adhabu, aombewe uso wa kuinua. Caren anakusalimu.

Jambo la mwisho ni la bahasha. Sanduku la posta tunalotumia ni la gereji, na barua zote za nyumba hii huzipeleka Baba Phoebe kule Ngara. Leo ni Jumamosi, atafika muda si mrefu. Nitaondoa beseni juu ya injini, niiweke barua hii hapo, chini ya spana namba kumi na saba, mahali atakapoiona kabla hajanisalimu. Nimeandika jina lako juu, lakini sikuifunga. Ulimi wangu haujagusa gundi. Kwa hiyo ukiipata, itazame vizuri. Ikiwa imefungwa, ujue ni yeye aliyeifunga, baada ya kusoma mpaka hapa. Na ikiwa haitakufika kabisa, utaniona mimi mwenyewe pale stesheni ya Kitale, na Phoebe mgongoni, nimekuja kuyasema haya kwa mdomo.

Ni mimi dada yako mdogo, uliyemfundisha kuandika,

Naliaka